Kimo cha Ghanim

Kwa Ijumaa ya tisa mfululizo Ghanim alivaa njumu, akazifunga kamba mafundo mawili mawili, akakaa kwenye mkeka wa wachezaji wa akiba mpaka mechi ikaisha. Alipoinuka kujikung'uta vumbi, mtu mmoja alimpigia kelele kutoka kwa watazamaji:

"Ghanim, simama basi tukuone!"

"Nishasimama, shekhe."

Uwanja ukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kimo chake kilimfika kifuani Harub, mwalimu wa timu ya Bondeni. Lakini mazoezini hapakuwa na beki aliyewahi kumnyang'anya mpira mara mbili. Waomani wote wa mtaa ule wa Muscat waliotoka Unguja walilijua hilo. Kinyozi alilijua. Muuza kahawa alilijua. Na Harub alilijua vilevile, na hapo ndipo Ghanim alipotaka kupasuka.

"Mdogo huyu," Harub alisema kila alipoulizwa, macho kayainamisha. "Watamvunja."

Ingekuwa mtu baki, ingevumilika. Lakini mama yake Harub alifariki kwenye uzazi, kule Unguja, na aliyemchukua na kumnyonyesha alikuwa Bi Masouda, mama yake Ghanim. Basi Harub alikuwa kaka yake wa kunyonya, aingiaye ndani bila ya hodi na kumwita Bi Masouda mama.

Na mama mwenyewe hakumstahi. Jioni ile alimngojea mlangoni.

"We Harub! Mwanangu mfupi, kwani kilema? Nilipokunyonyesha wewe ulikuwa kama mjusi, mbona sikukutupa?"

Wapita njia walicheka mpaka wakashikana.

"Ndiyo, mama," alisema Harub. Akavua viatu, akaingia kula. Bi Masouda alimtilia pande kubwa la samaki. Ghanim akaambulia mkia.

"Nnahamia timu ya Sidab," alisema Ghanim, wali hajaugusa. "Wale hawapimi watu kwa rula."

"Huhami," mama alisema upesi. "Timu ni ya kaka yako. Subiri. Miye ntazidi kumsema."

Harub alipaliwa, akaomba maji.

Kusubiri mpaka lini? Ijumaa iliyofuata walikuwa wanakuja wageni wawili kutoka Kuwait kutafuta wachezaji wa klabu yao. Huko mpira ulikuwa kazi: mshahara, chumba, na daktari wa kukutazama magoti. Hapa Muscat, mwaka ule wa 1969, Ghanim alibeba magunia bandarini Matrah, na hata magunia yalimzidi kimo. Isitoshe, Kuwait alikuwako Mahfoudh, kaka yake wa tumbo moja. Aliondoka miaka minne nyuma bila ya ruhusa ya Sultani, na aliyeondoka hivyo hakuwa na njia ya kurudi. Zilikuja barua tu, na Ghanim ndiye aliyemsomea mama. Sasa angemwona kaka yake kwa macho.

Ijumaa ikafika. Wageni waliwekewa viti kivulini. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, Bondeni wameshafungwa moja na Matrah, winga wao Amur akatoka anachechemea. Harub aliuangalia mkeka. Akamwita mwengine.

Ghanim aliruka, akamkamata shati.

"Kaka, wale wakishaondoka leo, mimi nimekwisha. Ntabeba magunia mpaka nizikwe. Niambie tu kuwa mpira siujui, wallahi ntakaa na njumu nikuvulie."

Harub alitazama upande wa majumba. Kisha uso wake ukalegea kama wa mtu aliyechoka kubeba.

"Unaujua kuliko wote," alisema. "Ingia. Mungu anisamehe."

"Huyu nani tena?" beki wa Matrah, pande la mtu, aliwauliza wenzake. "Mtoto wa kipa?"

Ghanim alimpitisha mpira katikati ya miguu, na yeye mwenyewe nusura apite papo hapo. Bao la kwanza. Beki akaacha kucheka, akaanza kupiga miguu. Alipiga vumbi. Dakika ya mwisho Ghanim aliwazunguka watatu, akamlaza kipa kushoto, akautia mpira kulia, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini.

Wageni walikuwa wameshasimama. Mmoja alimtazama kutoka utosini mpaka vidoleni, jambo ambalo halikumchukua muda.

"Meli inaondoka Jumatano," alisema. "Nafasi ni yako. Ruhusa usiingoje, njia ya kutoka tutakupatia sisi."

Ghanim alipita vichochoroni mbio, kamshika Harub mkono, anamvuta.

"Tangulia wewe," Harub alisema.

"Tangulia nini? Wewe ndiye uliyenitia! Miezi miwili umetukanwa, leo mama atakubusu mbele za watu."

Bi Masouda alitoka mlangoni, mikono imejaa unga.

"Mama, nimecheza! Nimefunga mawili! Wananichukua Kuwait, Jumatano!"

Mama alimtazama Harub, juu ya kichwa cha mwanawe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia.

"Harub, mwanangu," alisema, "si uliniapia kuwa hutomtia uwanjani hata siku moja?"