Mazoezi ya Kumkabili Mheshimiwa

“Nina dakika kumi tu,” mtu yule alisema akiwa bado mlangoni, hata salamu hakuitikia. “Nani anaanza?”

Mratibu nusura apige makofi. Huyu ndiye hasa aliyemtaka. Mwalimu wa maigizo waliyekubaliana naye kwa simu aje kuigiza mbunge, bila kuonana hata siku moja, alikuwa ameivaa nafasi yake tangu kizingitini: suti ya kijivu, tumbo mbele, jicho kwenye saa.

“Karibu, mheshimiwa,” alisema kwa unyenyekevu wa kuchekesha, akamwonyesha kiti kikubwa nyuma ya meza. Watu wakacheka. Mtu yule hakucheka.

Ukumbini walikuwa arobaini na wawili, watetezi wa sera za tabianchi kutoka kanda nzima, wote wa kujitolea, wote ndani ya fulana za kijani zilizowabana. Mratibu aliwaongoza kwa mwaka wa sita, na mwaka wa sita huo alikuwa hawavumilii. Wastaafu waliokosa pa kwenda, ndivyo alivyomwambia mumewe. Watu wa kupiga picha na bango. Ukiwafikisha mbele ya mbunge wa kweli, wanashukuru kwa kupokelewa na kuuliza choo kiko wapi.

Wabunge nao hakuwaweka juu zaidi. Kila mwaka alimwalika mwenyekiti wa kamati ya mazingira, na kila mwaka hakujibiwa hata kwa mstari mmoja. Safari hii kiti cha uenyekiti kilikuwa kimepata mtu mpya, na Mratibu hakujisumbua hata kuuliza jina lake. Alibadilisha tarehe kwenye barua ya mwaka jana, akaituma, basi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na michoro yake chini ya kwapa.

“Nyuzi joto, nyuzi joto,” mtu yule alimkata. “Mzee wangu, nikipanda jukwaani niwaambie watu habari za nukta tano, nani atanipa kura? Hiyo nukta tano inaliwa?”

“Safi!” mtu alipaza sauti kutoka nyuma. “Wako hivyohivyo!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu yule akawatazama kama ng’ombe walioingia sebuleni.

Wa pili, fundi wa umeme wa jua, alisahau hoja zote tatu akaishia kumwomba namba ya simu. Mratibu aliandika kwenye daftari: bure kabisa.

Kisha akaja mkunga. Mwanamke mfupi, sauti ya chini. Mratibu alimpanga mwisho kati ya wasemaji watatu, akitumaini muda utakwisha.

“Wodi yangu imeingia maji mara tatu mwaka huu,” alisema.

“Mama, hayo peleka halmashauri.”

“Nimepeleka. Mara ya tatu nilimzalisha mama mmoja juu ya meza ya dawa, maji yananifika magotini, umeme umekatika. Walikuwa mapacha.” Akainyosha mikono mbele yake. “Mikono ninayo miwili tu, mheshimiwa, na mmoja ulikuwa umeshika taa.”

Mkunga akasogeza karatasi mezani: ahadi ya kuufikisha bungeni muswada wa kuvikinga vituo vya afya na mafuriko.

“Sikuombi unionee huruma. Saini.”

Mtu yule aliitazama ile karatasi, akamtazama yeye. Akafuta paji la uso.

“Aliyekufa alikuwa wa kike au wa kiume?”

“Wa kike.”

Akachomoa kalamu mfukoni, akasaini taratibu, herufi baada ya herufi.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwalimu mstaafu alikuwa analia waziwazi. Mratibu alipita katikati yao akitikisa kichwa, akaichukua karatasi mezani.

“Jamani, jamani, acheni utoto,” alisema. “Huyu ni mtu wa sanaa, machozi yako karibu. Mheshimiwa wa kweli hana roho hiyo. Mkizoea kudekezwa namna hii, huko mtakwenda kuumbuka.”

Akaichana vipande viwili, akaviweka pamoja akavichana tena, akavitupa kwenye ndoo ya taka.

“Umeichana?” mtu yule aliuliza.

“Ya mazoezi tu, mzee. Haya, turudie. Na safari hii kaza uso.”

Mtu yule aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti. Alimtazama mkunga, kisha ndoo ya taka.

Mlango ukafunguliwa. Askari mwenye sare aliingia, akabana visigino, akapiga saluti.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, gari liko tayari. Kamati nzima imeshaketi, inakungoja wewe.”