Maiti ya Ukurasa wa Kwanza

"Umeniua?" Nyanya aliuliza, na uzi wa mkonge aliokuwa akiusokota ukabaki umelala pajani.

Mjomba Mulwa, ambaye riwaya zake za bastola zilisomwa mpaka majalada yakachanika, alikuwa amekuja nyumbani Ikutha kumsomea mwanzo wa kitabu kipya. Hiki kilikuwa cha utoto wake. Mamake akikikataa, alisema, atarudia majambazi wake.

"Mwaitu, mama yangu, ni hadithi tu," alijitetea. "Wasomaji wangu wamezoea maiti ukurasa wa kwanza."

"Huko Nairobi umeua watu mpaka makarani wa benki, sikusema kitu. Sasa umenifuata mpaka mtoni?"

Nilitaka kucheka, lakini Mjomba alikuwa ameanza kukunja karatasi zake, na uso umemshuka kama wa mtoto aliyemwaga uji.

"Soma tena hapo," Nyanya akasema.

Akasoma polepole. "Mama alikuwa amelala kwenye mchanga wa mto mkavu, kando ya kisima, kibuyu chini ya kichwa, hasogei."

"Nilikuwa foleni. Mwaka ule wa njaa maji yalitoka kidogo kidogo, kwa hivyo tulilala pale pale kisimani tukingoja zamu. Ukaja ukilia, ukalala mgongoni pangu."

Mjomba aliilaza karatasi juu ya goti, akatoa kalamu.

"Futa hayo ya kufa," Nyanya alisema, akiushika tena uzi wake. "Andika nilikuwa nakoroma. Wenzangu walilalamika sana."