Perege wa Mwanamkuu

Kuku si kuku, nzi si nzi: ndoano ya meneja, iliyofungwa manyoya ya jogoo, ilikuwa imenasa ndani ya lambo la shamba la mkonge, kule Soga. Mzungu huyo alivuta mpaka ufito wa kuvulia ukapinda.

Mwanamkuu, debe la maji kichwani, alijua imenasa wapi. Ni kwenye mgono wake, mtego wa samaki aliouficha mateteni. Na yeyote aliyekamatwa akivua pale alifukuzwa shambani siku ileile, yeye na wanawe.

"Mama we, ingia ukaitoe!" mnyapara alifoka. "Au unaogopa kulowa, bibi harusi?"

Alitua debe, akaingia hadi kifuani. Akapapasa, akaichomoa ndoano mdomoni mwa mgono.

"Imenasa nini?" meneja aliuliza, akianza kuvua viatu. "Ngoja, nakuja mwenyewe."

Mwanamkuu akapenyeza mkono mtegoni, akamkaba perege. Miiba ya mgongo ikamzama kiganjani, hakumwachia. Akamtia samaki ndoano mdomoni, akaisukuma mpaka ikashika.

"Si kisiki, bwana," alisema. "Kinatembea."

Kisha akafumbua mkono, perege akachomoka na uzi wa meneja.