Umewashinda, Mwalimu

Mwalimu wa historia ndiyo kwanza aingize mkono kwenye ndoo, Desimali akamchapa kofi la mkono kama mtoto aliyedokoa nyama.

"Unachungulia nini? Hizi si nyanya, useme unachagua zilizoiva. Tazama ukutani!"

Mwalimu wa historia akatazama ukutani, akapapasa, akatoa kikaratasi. Kilikuwa na jina la binti mmoja wa kidato cha pili, wa dawati la mbele, mpenda maswali. Desimali akaguna. Basi tu, bahati haichagui.

Desimali ni jina alilobandikwa na wanafunzi, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana aliamini ni la heshima. Alifundisha hisabati. Mwezi huo somo lilikuwa uwezekano na utafiti wa maoni, na ndoo ilikuwa kazi ya mikono yake: jina la kila mwanafunzi wa shule, vikaratasi vyote saizi moja, kila mtoto na nafasi sawa na mwenzake. Thelathini watolewe, waulizwe, yaishe.

Mkuu wa shule ndiye aliyetaka maoni ya wanafunzi kuhusu walimu wao. Hakusema ya nini, lakini kulikuwa na haja gani ya kusema? Naibu wake alikuwa amestaafu, kiti kiko wazi. Desimali alikitamani kiti hicho mpaka usingizi ukawa unampaa. Lo, miaka yote hiyo kuamrishwa na watu wanaojumlisha kwa vidole!

Mwanzoni mwalimu wa historia alitaka waulizwe watoto wa klabu yake ya maigizo, eti wanajua kujieleza.

"Na mimi niwaulize wanangu kama baba yao ni mzuri?" Desimali alimjibu mbele ya wote. "Mchuzi unakorogwa kwanza, bwana, ndipo unaonjwa. Hata hilo hulijui?"

Mkuu, mama mpole asiyependa makelele, akamwachia kazi. "Sawa, mwalimu. Ila nataka jibu ambalo hakuna atakayelibishia."

"Kwa njia yangu, Mkuu, atakayebisha akapimwe akili."

"Na swali?"

"Swali andika wewe. Swali hata bawabu anaandika. Sampuli ndiyo elimu!"

Darasani alilisema hilo hilo, kwa madaha. Binti wa dawati la mbele akanyoosha kidole.

"Samahani, mwalimu. Sampuli ikiwa nzuri, halafu swali lenyewe hatulijui, jibu litatusaidia nini?"

Desimali alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Wanafunzi wa sampuli yako ndio wanaotushushia wastani wa shule. Kaa chini. Nani mwingine hajaelewa?"

Hakuna aliyejikohoza. Darasa lake lilikuwa kimya siku zote, naye alikipenda sana kimya kile. Madarasa mengine ni soko, alikuwa akisema. Kwangu watu wanaelewa.

Siku ya maoni, wale thelathini waliingia ukumbini na Mkuu peke yake. Walimu walikatazwa hata kupita dirishani, na aliyekataza ni Desimali, akisimama mlangoni na rula yake. Mchana akaitwa ofisini. Kabla ya kwenda alimpigia mkewe simu: "Mama watoto, itoe ile suti uipige pasi."

Mkuu alikuwa amevua miwani. "Kaa, mwalimu."

"Nasimama tu. Nani kapata nini?"

"Ishirini na saba wamekuandika wewe."

Desimali akavuta kiti, akakaa. Kati ya thelathini! "Na wa historia?"

"Hakuna hata mmoja."

"Hata mmoja!" Desimali alicheka mpaka machozi. "Maskini ya Mungu, na maigizo yake!"

"Umewashinda, mwalimu," Mkuu alisema taratibu. "Umewashinda mno. Kusema kweli nimeshtuka. Nilikuwa nafikiri labda turudie, tutoe majina mengine. Pengine imetokea tu."

Desimali aliacha kucheka. Kumbe hata huyu mama hakujifunza kitu! Au ndiyo njama, wampe mtu wao?

"Turudie nini, Mkuu? Ndoo imekorogwa, majina yametoka bila kuchunguliwa. Ishirini na saba kwa thelathini haitokei tu. Rudia utakavyo, utapata yale yale. Lete hapo niweke sahihi, kwamba matokeo nimeyakubali na uamuzi wako nimeuridhia."

"Una hakika?"

"Mimi si mwalimu wa historia."

Akasaini kwa mbwembwe, na kistari chini. Mkuu alikunja karatasi bila kumtazama.

"Basi kuanzia Jumatatu vipindi vyako vyote atachukua mtu mwingine."

"Afadhali. Chaki imenichosha."

"Nami nilihisi hivyo," akasema Mkuu.

Desimali alitoka akitembea kama mwenye shule. Kwenye korido, nani huyo kama si binti wa dawati la mbele, amebeba madaftari. Siku nyingine angempita kama nguzo. Leo moyo ulikuwa mweupe, akataka kusikia sifa zake kutoka kwenye kinywa cha mtoto.

"Wewe mpenda maswali! Si ulikuwemo kwenye sampuli yangu? Haya, nakuruhusu. Mliulizwaje?"

Binti akasimama wima, akatazama ukutani.

"Tuliulizwa, mwalimu: 'Ni mwalimu gani amekushinda, hata umekata tamaa na somo lake?'"