Joto Kabla ya Daraja

Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeelekezwa kwenye paa la gari. Lukumani alikigeuza mwenyewe alfajiri, kabla hawajatoka Kabambare, kwa sababu kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wake. Kwa desturi ya kwao mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Katika gari dogo kiasi kile, heshima ilihitaji ufundi.

Sasa jua lilikuwa limechomoza, na Lukumani alitokwa na jasho kama mtu anayechimba kisima.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1957. Ukungu ulilala bado juu ya nyasi, na watu waliokutana nao njiani walijifunika mashuka mpaka masikioni. Nje palikuwa na baridi. Ndani ya gari palikuwa tanuri.

Jambo hilo halikuwa dogo. Siku arobaini za uzazi zilikuwa zimekwisha, naye alikuja kumchukua mke wake Waridi na mtoto wao wa kwanza, Nuru, awarudishe nyumbani Kasongo. Mama mkwe, Mama Amisa, hakukataa. Alisema tu kwamba atapanda hilo gari yeye mwenyewe, na mjukuu mapajani, mpaka kwa dada yake katika kijiji cha Wamaza, njiani. Hapo ataamua. Gari likifaa, mtoto ataendelea na baba yake. Lisipofaa, atabaki na bibi yake mpaka aote meno.

Lukumani aliuza vitambaa sokoni Kasongo. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Mzungu alimwonyesha breki, gia na taa. Vitu vingine, alisema, havina kazi katika nchi hii.

"Baba Nuru," alisema Waridi, akijipepea kwa ncha ya kitenge, "uliniambia tunapanda gari. Haukuniambia tunapikwa."

Lukumani akafungua dirisha. Nyuma mtu akakohoa. Waridi akageuka, akanong'onezwa, akarudi na ujumbe kwamba mama hapendi upepo. Dirisha likafungwa.

Lukumani akaanza kutafuta chanzo cha joto kwa utaratibu, kama anavyotafuta tundu katika jora la kitambaa. Jua lilikuwa bado changa, basi si jua. Akanusa: hakuna mafuta yanayoungua, hakuna moshi. Kwenye mteremko aliinua mguu, na joto likapungua. Kwenye mlima alikanyaga, na joto likazidi. Basi lilifuata injini, na injini ya gari lile ilikuwa nyuma. Akavua kiatu, akapapasa sakafu kwa unyayo. Chini ya pedali palikuwa baridi. Katikati, karibu na gia, palikuwa vuguvugu.

Akapeleka mkono nyuma ya kiti, polepole, macho yakiwa barabarani. Vidole vikakuta pindo la kitenge kisichokuwa cha mke wake. Akaurudisha mkono kama aliyegusa nyoka, akaomba msamaha kwa Mungu mara tatu. Waridi alitazama nje ya dirisha, mabega yakimtikisika.

Kisha nyuma pakawa na mnong'ono mrefu.

"Mama anauliza," alisema Waridi, "hii joto itaendelea hivi mpaka Kasongo?"

Lukumani alijibu akiitazama barabara. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mungu akipenda, itakwisha pale kwenye daraja."

Hakukuwa na haja ya kumwambia, maana mama alikuwa amesikia.

Daraja lilikuwa la magogo, na kila abiria alijua kwamba pale watu huvuka kwa miguu, dereva akibaki na gari lake na dua zake. Wanawake wakashuka na mtoto. Walipofika ng'ambo, Lukumani alipiga magoti juu ya kiti, akainama nyuma.

Hapo sakafuni, kati ya viti, palikuwa na mkono mdogo wa chuma, umevutwa juu. Kando yake hewa ya moto ya injini ilitoka kama pumzi ya ng'ombe. Na kando ya hewa ile palikuwa na kikapu cha karanga cha Mama Amisa.

Akaelewa yote. Kikapu kilikuwa kimekinasa kile chuma na kukiinua. Akakisukuma chuma chini, na pumzi ikakatika. Akakikandamiza kikapu juu yake kisije kuinuka tena, akaamua kunyamaza. Mkwe mwenye adabu hawezi kumtumia mama mkwe ujumbe kwamba kosa ni la karanga zake.

Baada ya daraja gari likawa baridi kama maji ya mtungi. Lukumani akaanza kuimba kasida kwa sauti ya chini. Waridi akamuuliza kama amelitibu, akajibu kwamba amelitibu. Waridi akajifunga kitenge mabegani. Nyuma, Nuru akapiga chafya mbili, na baba yake akamwombea dua kwa furaha.

Walipofika Wamaza, Lukumani alifungua mlango wa gari akiwa ametazama pembeni. Mama Amisa akaingia na mtoto nyumbani kwa dada yake. Lukumani akabaki akifuta vumbi la gari kwa mkono wa shati, mahali pale pale, mara nyingi.

Waridi alitoka peke yake. Alichukua furushi la nguo za mtoto kutoka ndani ya gari, akasimama mbele ya mumewe, akiuma midomo asicheke.

"Mama anasema hajaona bado gari nzuri kama hii, mpaka pale daraja. Toka daraja imeharibika. Mutoto anabaki." Akalihamishia furushi kwenye mkono mwingine. "Na anauliza, ile chuma aliyoivuta ili mutoto apate joto, ni nani aliirudisha?"