Alama ya Thelathini

Nyumba ya thelathini ilikuwa ya mama yake.

Mchora mabango alisimama na kopo lake la rangi nyekundu, brashi ikimdondoshea kiatuni. Tangu asubuhi alikuwa amepaka X ishirini na tisa, na matusi aliyoyavuna yangejaza gunia. Mtaa mzima ulijua X nyekundu ukutani maana yake nini: kesho tingatinga.

"Na hii ndiyo ya mwisho," alisema karani wa manispaa aliyemkodi. "Ziwe thelathini kamili. Nyumba za huku hazina namba, kwa hiyo alama zako ndiyo orodha yetu."

"Ni za nini hasa, bosi?"

"Wewe paka. Watu wakijua mapema, hapa patachimbika."

Akapaka. X ikatoka upogo, yeye ambaye mistari yake husifiwa mji mzima.

Mama alitoka, akautazama ukuta, akamtazama na yeye. "Nimekulea humu," alisema. "Bahari imeshachukua mitaa miwili na mimi bado nipo. Leo wa kunivunjia ni wewe, mwanangu?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Karani alipokwenda kula, mchora mabango alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaisugua ile X kwa nguvu zake zote, kisha akaufunika wekundu kwa chokaa. Lakini thelathini ni thelathini. Katika nyumba ya tatu kutoka pale, isiyo na alama, aliishi Mama Redio, aliyemsengenya mama yake miaka kumi bila kupumzika. Huyo alimpakia X kubwa, iliyonyooka vizuri.

"Utalaaniwa wewe!" alifoka Mama Redio.

Mchora mabango alilala fofofo.

Siku ya tatu maji yalipanda mchana kweupe, bila hata tone la mvua. Yalipofika magotini, malori yaliingia mtaani. Tingatinga halikuonekana.

"Waone wanavyobebwa kama mizigo," alisema mama, amesimama kizingitini, maji yakimlowesha pindo la gauni. "Maskini Mama Redio. Leo hata mimi namhurumia."

Juu ya lori la mbele, mwanamume mmoja mgeni mwenye koti la manjano alishika kipaza sauti. "Wenye X tu! Viwanja vya kilimani ni thelathini, wa thelathini na moja hana pa kukaa! Barabara inakatika, hatutarudi tena!"

Mchora mabango aliyakimbilia malori akiyapasua maji kwa magoti, akamshika yule mgeni suruali. "Mama yangu! Yule pale! Alikuwa nayo!"

Mgeni aliutazama ule ukuta mweupe, safi. "Nyumba ile haina alama. Basi walioipima waliona haina hatari."

Lori likaunguruma. Mchora mabango akaling'ang'ania, akilia kama mtoto.

"Waache, mwanangu, usigombane nao!" mama alimwita kutoka kizingitini, akitabasamu. "Mimi umeshaniokoa."