Kiwiko cha Mwalimu

"Inueni kiwiko hadi usawa wa bega, ndipo mrushe," Mwalimu Nyamizi aliwaambia wasichana tisa wa timu ya softiboli, kama alivyowaambia muhula mzima.

Wote tisa wakarusha mipira, viwiko vikiwa chini, vimebana ubavuni.

"Nani kawafundisha hivyo?"

Walitazamana. Kabula, mdogo kuliko wote, akajibu taratibu, "Tunarusha kama wewe, Mwalimu."

Nyamizi akajaribu kuinua mkono awaonyeshe. Bega lake, lililoumia zamani alipokuwa mchezaji, likagoma kabla kiwiko hakijafika kifuani.

Kabula alikuwa ameshaokota mpira mwingine. Kabla ya kurusha alisimama kidogo, akasugua bega lake la kulia, palepale ambapo mwalimu wake husugua kila jioni.